Thelathini na Nne, Chini ya Mstari Wangu

Mpendwa mwanafunzi wangu Akoth,

Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuikunja barua kabla hujafika mstari wa pili. Nakuomba uvumilie kidogo. Nimeiandika wazi, na nakala yake nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo, aisome yeyote anayepita na kikombe chake cha chai, kwa sababu nilikufokea mbele ya watu. Sioni haki ya kukuomba radhi pembeni.

Ulikuja Kisumu kutoka Usenge na ndoo ya samaki wa chumvi aliokufungashia mama yako, na kwa wiki mbili bweni zima likanuka ziwa. Wenzako walilalamika, kisha wakawala. Hayo niliyasikia kwa matron wa bweni. Mimi mwenyewe nilianza kukufahamu darasani, na nisikufiche, ulinichosha. Unajua nilivyokuwa nikifundisha. Nasimama mbele, nasoma, nanyi mnaandika. Hatua kumi na mbili za kumpa mgonjwa dawa, hatua tisa za kufunga kidonda, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Mlikuwa mkiniita Madam Orodha mkidhani sijui. Nilijua, na kimoyomoyo nililipenda hilo jina.

Wenzako walikuwa wakiandika vichwa vimeinama. Wewe ulikuwa ukiangalia mikono yangu. Nikitaja mshipa, unautafuta kwenye mkono wako mwenyewe. Nikisema pafu, unaweka kiganja kifuani. Karatasi zako za mtihani zilirudi zimejaa wino mwekundu, na mimi nikaamua kwamba wewe ni mzito. Halafu siku ile ya somo la dripu ukainua mkono.

"Madam, nyumbani tukiweka samaki chumvi, maji inatoka yote hadi chini ya karai. Sasa mgonjwa akiwekewa dripu iko na chumvi mingi, si damu itavuta maji kutoka kwa mwili vilevile?"

Darasa lilicheka. Nikakuambia, "Akoth, hatujafika huko. Andika." Tulifika huko wiki tatu baadaye, na nusu ya darasa hawakuelewa mpaka ulipowaonyesha bwenini kwa bakuli la maji ya chumvi na vipande vya kiazi. Hilo nalo niliambiwa na matron. Nilipaswa kukuita nikushukuru, lakini nilijifanya sikusikia.

Sasa nifike wodini, maana ndiko deni langu liliko. Kwa wale wanaosoma hapa na si wauguzi, nieleze kidogo. Kila asubuhi tunampima mgonjwa mambo manne: joto, mapigo ya moyo, presha, na idadi ya pumzi anazovuta kwa dakika. Matatu ya kwanza yana mashine. La nne lina macho yako na saa. Unatakiwa usimame dakika nzima ukiangalia kifua cha mtu kikipanda na kushuka, na dakika nzima ni ndefu sana wodi ikiwa na vitanda thelathini. Kwa hiyo tunaandika ishirini, namba ya mtu mzima asiye na shida ya kupumua. Mzee mwenye nimonia, ishirini. Msichana anayesubiri kuruhusiwa aende nyumbani, ishirini. Hakuna aliyewahi kunifundisha hivyo kwa maneno. Niliwatazama walionitangulia, nanyi mkanitazama mimi.

Asubuhi ile mlikuwa wanane katika wodi ya wanawake. Wenzako walishamaliza vitanda vyao, na wewe bado ulikuwa umesimama kwenye kitanda cha tisa, umemshika mkono yule mama wa Sondu aliyelazwa kwa sababu ya mguu uliovimba. Alikuwa akikuhadithia habari za ng'ombe wake aliyepotea na kurudi na ndama. Ulikuwa unaitikia, lakini macho yako yalikuwa kwenye ukingo wa blanketi na mguu wako ulikuwa ukigonga sakafu polepole. Nilikuja nyuma yako nikachukua chati.

"Thelathini na nne? Huyu mama anayepiga hadithi?"

"Nimehesabu mara mbili, Madam."

"Mgonjwa wa thelathini na nne haongei hivi. Rudia, uandike vizuri."

"Lakini Madam, msikilize. Anaongea maneno matatu, anapumzika. Matatu tena, anapumzika. Jana hakuwa hivyo."

Mama mwenyewe akajaribu kukutetea. "Nyathina," akaniambia, ingawa mimi si mtoto wake hata kidogo, "huyu msichana... ananishikanga vizuri... mwache." Ukiyasoma maneno yake hapa utaona mahali alipopumzika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa na sikuona kitu. Nilichoona ni mwanafunzi anayebishana nami mbele ya wagonjwa na wenzake.

Nikakuamuru uandike ishirini. Ukaniambia, kwa sauti ya chini, "Siwezi andika kitu sijaona, Madam."

Basi nikaandika mimi. Wiki ya kwanza kabisa ya masomo niliwafundisha kwamba kwenye chati hatufuti wala hatupaki wino mweupe. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu, ili kilicho chini kiendelee kusomeka, kisha unaandika kipya na kutia sahihi. Nikafuata sheria yangu vizuri sana. Nikapiga mstari juu ya thelathini na nne yako, nikaandika ishirini, nikatia sahihi. Kisha nikakuambia uuguzi si kazi ya wabishi na nikakutoa wodini. Kwenye fomu yako ya tathmini, pale palipoandikwa "Kufikiri kwa kina", nikajaza "Hafifu". Hebu fikiria.

Hukulia. Ulichukua daftari lako ukaondoka, na nilidhani umeenda moja kwa moja bwenini. Baadaye Sista msimamizi wa wodi ndiye aliyenieleza kwamba ulipita mezani kwake ukamwambia, "Sista, yule mama wa bed nine anaongea maneno matatu anapumzika. Tafadhali mwangalie." Sista akaenda. Daktari akaitwa. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda hadi kwenye pafu. Wakamwekea oksijeni, wakamwanzishia dawa, na daktari akasema kama wangengoja hadi jioni, yeye angekuwa anazungumza na jamaa za mama huyo habari za mazishi.

Sista alikuja kunishika mkono. "Wanafunzi wako wako macho, Madam," akasema. Nami nikajibu, "Asante, Sista." Akoth, nimesema mabaya mengi maishani kwa huu mdomo wangu, lakini hakuna neno linalonirudia kama hiyo asante.

Bado nilikuwa na nafasi ya kurekebisha mambo. Siku ile ile nilikuwa nimekuandikia barua ya kukushtaki kwa ukaidi, na ilikuwa bado mezani kwa katibu, ningeweza kwenda kuichukua. Nikaiacha iende. Mbele ya kamati ya nidhamu uliwaambia kwamba ulihesabu na ukapata thelathini na nne. Nami nikasema, tena kwa upole wa mtu mzima, kwamba ulikisia ukabahatisha. Hakuna aliyeomba kuiona chati. Wakakusimamisha masomo muhula mmoja. Ulipokuja ofisini kwangu kurudisha vitabu ulisimama mlangoni ukasema, "Madam, lakini wewe unajua." Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Muhula ukaisha, hukurudi.

Mama wa Sondu alirudi, kwa kliniki yake, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alibeba mfuko wa viazi vitamu akamtafuta yule msichana wa kushika mkono. Nikamdanganya kwamba umehamishiwa chuo kingine. Akasema, "Ero kamano, basi mpelekee," akanishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya na kunikabidhi mfuko. Nilivipeleka nyumbani nikavichemsha nikavila. Naona hata kuandika jambo hili ni aibu, lakini nimeahidi kutoficha.

Na kuna siku nilikuona. Nilikuwa nimeenda Bondo kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo hospitalini, nikapita mbele ya duka la fundi cherehani, na wewe ulikuwa ndani, umeinama juu ya kitambaa cheupe chenye mshipi wa bluu. Ulikuwa unashona sare ya wauguzi. Ulikuwa unapitisha kidole kwenye mshono kuhakikisha, vilevile ulivyokuwa ukitafuta mshipa kwenye mkono wako. Nilisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu mpaka mwenye kibanda cha jirani akaniuliza kama nimepotea. Nikasema hapana, nikaondoka. Sikuwa na ujasiri wa kuvuka barabara, mimi niliyekuwa nikiwaambia muwe na ujasiri.

Baadaye nilitumwa kwenye semina moja Maseno, kuhusu namna wanafunzi wanavyojifunza. Wako wa macho, wakatuambia, wako wa masikio, wako wa kusoma na kuandika, wako wa mikono. Tukajaza fomu tujue sisi ni wa safu gani. Wengine mle ukumbini walisema ni kweli tupu, wengine wakasema ni porojo. Mimi nilikuwa nakufikiria wewe. Mwanzoni nilijiambia, ndiyo, Akoth ni wa mikono, ningemfundisha kwa mikono yote yangeenda sawa. Lakini chai ilipoletwa nilikuwa nimeshaona kwamba najidanganya tena. Siku ile ulimshika mama yule mkono, ukatazama blanketi lake, ukamsikiliza, ukakumbuka jana alivyokuwa. Hungeingia kwenye safu moja. Kila kilichokufikia, kwa njia yoyote, ulikiuliza swali kabla hujakiandika. Kwangu mimi kitu kilitoka sikioni kikaenda kwenye kalamu bila kupita kichwani, nami nikaita hiyo nidhamu.

Niliporudi nilijaribu jambo dogo. Niliwaambia wanafunzi wapya waweke daftari chini, kila mmoja amhesabu jirani yake pumzi kwa dakika nzima. Wakapata kumi na tano, kumi na nane, ishirini na mbili, kumi na sita. Walifurahi kama watoto. Kisha kijana mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Sasa Madam, mbona huko wodini chati zote ni ishirini?"

Darasa zima likanigeukia. Nilikuwa na majibu ya kumnyamazisha, najua jinsi ya kumwambia mtu hatujafika huko. Lakini nilimwona bado ameinua mkono, vile ulivyouinua wewe siku ya swali la samaki. Nikawaambia nitawajibu kesho, nikaenda hospitalini kwenye chumba cha mafaili. Nikaomba faili la mama wa Sondu. Karatasi ilikuwepo. Mstari wangu ulikuwepo, mnyoofu, na sahihi yangu pembeni. Chini ya mstari, namba yako ilikuwa inasomeka vizuri kabisa.

Kesho yake niliwajibu wale wanafunzi. Niliwasimulia yote, pamoja na viazi. Kisha nikaenda kwa mkuu wa chuo nikamsimulia tena, nikayaandika kwa mkono wangu kama alivyoniomba. Barua ya kukusimamisha imeondolewa kwenye faili lako na fomu ya tathmini imefutiliwa mbali. Mimi nimeondolewa kufundisha wodini mpaka kamati inisikilize, na ni haki yao. Usinionee huruma kwa hilo, na usije ukadhani naandika ili unitetee.

Naandika kwa sababu nafasi yako ya mwaka wa pili ipo, na darasa jipya linaingia wodini mwanzo wa muhula ujao. Wakifika siku hiyo bila wewe, nafasi itapewa mtu mwingine. Ukija hutalazimika kukutana nami. Nimeshaomba upangiwe mwalimu mwingine, na nimemwambia jambo moja tu juu yako, kwamba ukisema umehesabu, umehesabu. Na ukiamua kubaki na cherehani yako, nitaelewa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufukuzia huko. Lakini nitaumia, Akoth. Kuna wagonjwa watakaolala vitandani wakiongea maneno matatu na kupumzika, na wengi wetu tutakuwa tunasikia hadithi tu.

Alhamisi nitakuja Bondo kukuletea barua hii mwenyewe. Safari hii nitavuka barabara. Ukinifungia mlango sitagonga mara ya pili, nitaiacha barua hii kwa mwenye kibanda cha jirani, tumeshafahamiana kidogo.

Msalimie mama yako huko Usenge, na umwambie lile swali la samaki wake nitalifundisha kila mwaka, kwa jina lako.

Jambo la mwisho. Ulipokosa kurudi, mimi ndiye niliyelikata jina lako kwenye rejista ya darasa. Leo asubuhi nimekwenda kulitazama. Nilipiga mstari mmoja tu, kama sheria inavyotaka, na jina bado linasomeka.

Mimi, mwalimu wako,
Madam Orodha