Mikono ya Baba Hamudi

Jumanne, 27 Julai 2021
Wodi imejaa. Wagonjwa wa korona hadi kwenye korido. Bomba limekauka tena — tunasubiri boza la maji!
Lakini huyu mzee wa Mnyambe ananifurahisha. Mkewe, Mama Hamudi, yuko kwenye oksijeni, tena ana kidonda mguuni. Mikorosho ya mzee imeanza kutoa maua, haijapigwa salfa ya kuzuia ukungu. Hajali. Anamnywesha mkewe uji kijiko kwa kijiko. Kisha anahamia kitanda cha jirani, kwa Bibi Dominika wa Makote, asiye na ndugu hapa. Anamfuta uso, anamlisha. Leo kamwambia, kula dada, usinitie aibu mbele ya mke wangu. Wote watatu wakacheka!

Alhamisi, 29 Julai
Majibu ya usaha yametoka. Kidonda cha Mama Hamudi kina bakteria sugu. Dawa karibu zote hazifui dafu. Dokta Gerson kasema ahamishiwe chumba cha pembeni. Anayemhudumia anawe, avae glovu na aproni, na ndugu asimguse mgonjwa mwingine.
Kumweleza mumewe — kazi yangu.
"Shikamoo, Baba Hamudi."
"Marahaba, mwanangu."
Nikamwambia vijidudu hivi vinasafiri kwa mikono. Yetu wauguzi, na yake. Kwa mkewe aendelee. Kwa Bibi Dominika, basi.
Akaitazama mikono yake. "Na yule nani atamlisha?"
Mimi, nikasema. Mimi, na wodi nzima hii inaningoja!

Jumamosi, 31 Julai
Baba Hamudi kaja na bodaboda, kafunga madumu ya maji ya mvua kutoka tangi la nyumbani kwake. Ya kunawia ninyi, kasema. Nikageukia ukutani, asione machozi.
Homa ya Mama Hamudi imeshuka kidogo. Bibi Dominika anakula kwa shida. Anasema mkono wangu una haraka. Kweli.

Jumatatu, 2 Agosti
Bibi Dominika kaamka na homa. Pale penye dripu pamevimba, pana usaha. Sampuli imeenda maabara.
Baba Hamudi alisimama mlangoni. "Ni mimi, mwanangu?"
Sijui, Baba. Yaweza kuwa mimi.
Akakaa chini, sakafuni.

Jumatano, 4 Agosti
Majibu bado. Bibi Dominika kaniuliza, kama vijidudu hivyo vimeniingia, nitalazwa chumba kimoja na Mama Hamudi?
Ndiyo, bibi. Ndivyo tunavyofanya.
Akafumba macho, anatabasamu. "Basi kaka atanilisha tena."
Mimi naomba yawe hapana. Yeye —
Wa maabara huyo, anakuja na karatasi.