Nyumba Ndogo Yenye Dohani

Baba Zuhura,

Kwa heshima na taadhima natangaza kusimama kwa saa ya ukutani ya nyumba ya juu, kulikotokea juzi asubuhi baada ya saa hiyo kunyang'anywa betri yake. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na majirani popote walipo, na hasa wewe, uliyeipigilia msumari kwa mkono wako ukaniambia nisiiguse. Nimeigusa.

Habari nyingine ni nzuri. Zuhura hajambo. Viazi vimetoka, vidogo lakini vingi. Ng'ombe amezaa dume. Mama Shabani, mkeo mkubwa, naye mzima, mzima kuliko ninavyopenda.

Eda imekwisha. Tulikaa kila mtu kwake, mimi huku juu kwenye njia ya Malindi yetu ya milimani na yeye kule kwake Lushoto mjini, tukitumiana salamu kupitia watoto. Wazee walipokuja kugawa vitu vyako hawakupata shida na shamba wala nguo. Shida ilikuja kwenye kile kifaa chako cha jipiesi, cha kuongozea wageni njia. Walikigeuzageuza, mmoja akakiweka sikioni akidhani ni simu. Mwisho wakaamua kiende kwa mke mkubwa, na kipochi chake kije kwangu. Yeye akapata kifaa kisicho na pa kuwekwa, mimi nikapata kipochi cha kuwekea hewa. Wakamshukuru Mungu, wakala wali.

Nilisema mbele yao kwamba sikitaki. Nilikuwa nakitaka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikivua kiunoni jioni, unakifuta kwa shati, unaninyooshea kioo chake. "Nikipotea nabonyeza hapa tu, kinanirudisha nyumbani." Hapo penye picha ya nyumba ndogo. Nilicheka, sikuuliza. Mke wa pili akiuliza nyumbani ni kwa nani, anaonekana ameamka na ugomvi. Lakini eda nzima nilikuwa nauliza, peke yangu, nikilala upande wangu wa kitanda kwa mazoea kama vile kuna mtu nitamsukuma.

Nikuambie kwa nini. Ulifia kwenye zamu yake. Sikulaumu, zamu ni zamu, na kile kifua hakikuangalia kalenda. Ila maji ya mwisho alikunywesha yeye. Kauli ya mwisho anayo yeye. Nilimwuliza siku ya matanga, akasema, "Alitaja Mungu," kisha akafunga mdomo kama mtu mwenye peremende. Nikajisemea sawa, yeye abaki na kauli, mimi nipewe kitufe. Kama nyumbani ulikoweka ni kwangu, basi tumelingana.

Kumbe na yeye halali.

Alinipigia simu. "Shikamoo dada." "Marahaba. Hiki kidude hakiwaki." Nikamwambia betri zimekufa, anunue mbili. Akasema akinunua yeye kitakuwa chake moja kwa moja, nisije kulalamika kwa wazee. Nikasema basi nitanunua mimi. Akasema hapana, kwa sababu hiyo hiyo. Salio likawa linakwenda. Ndipo ikaamuliwa kila mmoja ang'oe betri ya saa yake ya ukutani, moja moja, nusu kwa nusu. Nikashuka mjini na betri yangu kwenye pindo la kanga.

Mimi sikusomea jipiesi. Lakini nimekaa miaka nikikutazama ukikichezea huku wewe ukidhani nachambua mchele. Tukakiwasha kwake sebuleni, kikakaa kinatafuta setilaiti, kinatafuta, mpaka Mama Shabani akasema kimekufa na mwenyewe. Nikamwambia kitoke nje, chini ya bati hakioni kitu. Tukatoka tukasimama chini ya mikaratusi, kikagoma. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaacha wageni kivulini na kwenda kusimama peke yako juani, uso juu, kama mtu anayengoja mvua. Tukaenda uwanjani. Kikapata.

Halafu mshale ukaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa. Hili nalo nililijua. Kile chako ukisimama kinachanganyikiwa, lazima utembee ndipo kijue umeelekea wapi.

"Kama mwenyewe," akasema Mama Shabani.

Tulicheka. Kisha kila mmoja akaangalia upande wake, maana tulikuwa tumecheka pamoja.

Lile doa jeusi la chini ya kioo, la siku ulipokiangusha kwenye mawe, limekua. Limemeza namba zote za umbali. Kwa hiyo tulikuwa na mshale wa kutuambia upande, bila kutuambia mbali kiasi gani. Mimi nilitaka kubonyeza nyumba pale pale. Yeye akakataa. Akasema kwanza tuone kama kinasema kweli, tukijaribie kwenye makopo yako.

Mchezo wako wa makopo sijauelewa mpaka leo. Mtu anaficha kopo mlimani, anatangaza kwenye mtandao liko wapi, mwingine anapanda ndege kutoka Ulaya na jipiesi yake kuja kulitafuta kopo ambalo haruhusiwi kwenda nalo. Analifungua, anaandika jina, analirudisha, anafurahi. Na wewe unalipwa kwa kumwonyesha njia ya kufika karibu, halafu unageuka upande mwingine ili alione mwenyewe.

Tulichagua kopo la kule kwenye mwamba wa juu ya Mazinde. Mshale haujui korongo, Baba Zuhura. Ulitaka tupite hewani. Tukazunguka kwa njia ya watu, wenyewe ukinung'unika kushoto, kisha kulia, na tulipokaribia ukaanza kuhangaika huku na huku. Hapo ndipo kifaa kinakuachia wewe na macho yako. Mama Shabani alikuwa anapekua majani. Mimi niliona mawe. Yalikuwa yamepangwa vizuri mno, dogo juu ya kubwa, kama ulivyopanga kingo za matuta ya shamba langu. Mkono wako naujua. Nikayatoa, kopo likawa pale: penseli, bangili ya plastiki, kigari cha mtoto, karatasi ya majina ya wageni. Nilijiona nimeshinda kitu.

Mama Shabani akakaa chini, akatazama bondeni. Akasema, kama anaongea na Mazinde, "Hapa ndipo aliponileta wakati wa uchumba. Alikuwa na mapeasi kwenye kofia. Akaniambia, ukisimama hapa unaona nchi yote..."

"...lakini mimi naona wewe tu," nikamalizia.

Alinigeukia taratibu sana. Mwamba ule ule. Mapeasi yale yale. Hata kofia, mghoshi, mume wangu, hata kofia hukubadilisha. Miaka yote nilidhani pale ni pangu. Niliona wivu mpaka masikio yakapata moto, nikaona na yake yamepata moto, na sikujua kama nimwonee huruma au nimsukume.

Tukarudi kwake. Akasema tubonyezee hapo hapo uani, kwa sababu kama nyumbani ni kwake mshale utakosa pa kwenda. Hoja nzuri, nikakubali. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba, kama anavyoona mwenyewe, picha ni ya nyumba ndogo, na mjini kote wanajua nyumba ndogo ni ya nani.

Akaivuta machoni. "Hii ina dohani. Ya kwako moshi unatokea mlangoni."

Nikabonyeza. Tukatembea kidogo kwenda na kurudi ili kitulie. Mshale ukatulia kaskazini, kuelekea mlimani, kuelekea kwangu. Nilivaa uso wa msiba na ndani nilikuwa nacheza ngoma. Yeye akaingia ndani, akatoka amevaa raba. "Twende," akasema. "Nataka nione mlango."

Tukapanda. Gari hakutaka, alitaka kuutazama mshale njia nzima, labda utabadili mawazo. Haukubadili. Kila kona niliyodhani umeyumba, tukinyooka nao unanyooka. Tulipofika Magamba ukungu ulitukuta, nikamsikia nyuma yangu akihema, nikapunguza mwendo. Nilikuwa na uwezo wa kuwa mwema siku hiyo.

Tukafika uani kwangu. Mshale ukaelekea jikoni. Tukapita jikoni. Ukaelekea zizini. Tukapita zizi. Ukaelekea juu, kwenye kilima cha nyuma, bila hata kunitazama.

"Endelea kutembea, mdogo wangu," akasema Mama Shabani. "Labda nyumbani kwako kumesogea."

Nilikaa juu ya jiwe la kunolea visu. Aliniacha nikae kidogo, nashukuru. Kisha wazo likatujia wote kwa wakati mmoja, naapa niliona likimjia. Juu ya kilima kile kuna nyumba moja tu yenye dohani, ile ya zamani anayolaza wageni Mama Eliza. Mjane. Mlutheri. Anayeoka mkate uliokuwa ukiusifia mpaka nikaacha kupika maandazi. "Mkate wa Mama Eliza haukauki." Kumbe.

Hatujawahi kuwa upande mmoja tangu unipose, lakini kile kilima tulikipanda kama ndugu. Mama Shabani alikaza kanga kiunoni. Mimi nilibeba kifaa mbele kama ushahidi.

Mama Eliza alitupokea vizuri, jambo lililotuudhi. Alitupa pole, akatuketisha barazani, akaleta chai na huo mkate. Ni kweli haukauki. Mama Shabani alimkagua kuanzia kitambaa mpaka viatu. Mimi nilitembea mbele ya baraza, nikitega mshale. Ukaelekea dohani. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Ukaelekea msituni, mbali na dohani.

Nikarudi nikakaa. Nikaanza kubonyeza chochote, kwa hasira, na ndivyo nilivyojifunza zaidi ya siku zote nilizokuchungulia. Ukishikilia kitufe, kifaa kinakuuliza unataka kuona nini. Pale juu, pasipo na doa, palikuwa panaonyesha saa. Nikaondoa saa, nikaweka umbali.

Ikatoka kilometa elfu saba na mia moja na ushee.

Mama Shabani akauliza kama hiyo ni kupita Mlalo. Nikamwambia ni kupita Mlalo kidogo.

Mama Eliza akainama akatazama, akatabasamu. "Hicho si kifaa cha yule mgeni mrefu wa Denmark? Alimwachia marehemu siku anaondoka. Alikuwa akikaa hapo ulipokaa. Kila jioni anabonyeza kinyumba, anaangalia kwao ni mbali kiasi gani, kisha anakwenda kulala."

Kwa hiyo ndiyo hiyo, Baba Zuhura. Wake wawili walipanda mlima kutwa nzima, tayari kumvua mwanamke wa watu kitambaa, wakielekezwa kwa mke wa mtu wa Denmark. Yeye ndiye mwenye dohani. Na kwa taarifa yako, usiku ule nilimwonea wivu na yeye, asiyejua hata kama tupo.

Hukubadilisha. Ulijisifu miaka yote, "nikipotea nabonyeza," na hukuwahi kubonyeza hata mara moja, maana ungebonyeza ungeona kinakutuma wapi, na usingekaa na kichekesho hicho bila kutusimulia. Hukuwahi kupotea. Ulikuwa unakuja kwangu na ukungu mpaka magotini, unagonga mlango wenye moshi, unasema, "Bado kuna chai?" Kwake nasikia ulikuwa unasema hivyo hivyo.

Wakati wa kushuka, giza halijaingia, Mama Shabani alisimama njiani kama anafunga raba. Raba zilikuwa zimefungwa. Akasema, "Hakutaja Mungu. Aliuliza, leo zamu ya nani."

Nikamwuliza akakujibu nini.

"Nikamwambia yangu. Akarudisha kichwa kwenye mto."

Nimefikiria sana jibu hilo. Kama angesema ni zamu yangu mimi, ungetafuta viatu, nakujua. Lakini ilikuwa yake kweli. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena.

Usilale na wasiwasi wa zamu tena. Zimekwisha, na sisi tumebaki na kutembeleana, ambako ni kugumu zaidi. Nakuahidi hivi, na yeye amesema niandike kuwa ameahidi pia: tukipata betri mpya, za kununua nusu kwa nusu, tutakuja wote wawili hapo makaburini ulipolala, tusimame juani mpaka setilaiti zituone, na hapo ndipo tutakapokiweka kinyumba. Dohani hatutaitoa, hatujui inavyotolewa. Kifaa kitakaa kwake, ndani ya kipochi changu.

Nakuaga, Baba Zuhura, na kwa niaba ya kule chini nakuaga pia, Baba Shabani. Pumzika na miguu.

Betri za saa tuligawana pale njiani. Hatukujua ipi ya nani. Alichagua kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Saa yake inakwenda.

Mkeo,
Mama Zuhura