Ishara ya Ishirini na Moja

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ngazi za kazini kwako zinakutesa, na natumaini umekubali kupumzika hata kidogo, ingawa nakujua ulivyo mbishi. Shemeji na watoto wasalimie sana. Sisi huku wazima. Shemeji yako bado anakoroma kama cherehani yangu ya zamani, nami nakuandikia hapa hapa kwenye meza ya kukatia, sare za shule zimenizunguka pande zote. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na safari hii nataka nifike.

Nilikuambia kambi ya likizo imeshindwa kumwelewa Kidoti. Ukapandwa na hasira, ukampigia mkuu wa kambi na kummiminia maneno yote unayowawekea watu wanaomgusa mwanangu. Ahsante kwa kunitetea. Ila naomba unisikilize tangu mwanzo.

Yote yalianza kwa yule daktari wa watoto. Alisema Kidoti sasa ana miaka tisa, anahitaji wenzake, si mama peke yake. Hilo la mwisho lilinichoma. Miaka tisa mtoto hasemi neno, na miaka yote hiyo mimi ndiye mdomo wake. Akivuta sikio, anataka maji. Akisugua goti, amechoka. Watu wakimuuliza jina wananitazama mimi, na nikuambie kweli, napenda wanitazame.

Basi nikaanza kuzunguka kutafuta kambi, huku moyoni naomba zote ziwe mbovu. Ya kwanza haikuniangusha: watoto kama wetu walipewa chumba chao chenye dirisha kubwa, wakae humo wawatazame wenzao wakicheza mpira. Nikaikataa kwa raha zangu. Ya pili, mkuu wake alikuwa tayari kumpokea hata kesho yake, lakini nusu saa nzima aliongea na mimi tu, mtoto amekaa katikati yetu, asimpe hata salamu. Nikaikataa hiyo pia, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Ya tatu ndiyo iliyoniweza. Mkuu wake ni mama mmoja mnene, havui filimbi shingoni, hata watoto wanamwita Filimbi. Alichuchumaa mbele ya Kidoti, akasubiri. Akasubiri tu, dada! Na Kidoti, ambaye mpaka leo hajamzoea msusi wake, akamshika kidole wakaondoka pamoja kutazama mabweni, mabomba na uwanja. Watoto wa kila namna wanalala chumba kimoja na kucheza mchezo mmoja. Mimi nikaachwa kwenye benchi na mkoba wangu, naona wivu. Baadaye nilikagua mpaka chini ya vitanda nikitafuta kasoro, sikuipata. Shemeji yako akaniuliza kwa upole kama natafuta kambi au natafuta sababu. Nikasaini fomu kwa hasira.

Filimbi akaniomba nimwandalie daftari la ishara zote za mtoto, kila moja na maana yake. Nikakaa mezani nikazichora kwa penseli, mikono na vidole, ukurasa mmoja ishara moja. Zikawa ishirini.

Siku ya pili ya kambi akanipigia simu. Alisema Kidoti anaweka viganja vyote viwili kichwani na kulia, muuguzi amempima hakuona homa wala jeraha, na kwenye daftari ishara hiyo haimo. Akauliza kama naijua. Nikajibu siijui, labda mtoto amenikumbuka, nitakuja kumchukua asubuhi. Nilipokata simu nilijiona mrefu ghafla. Ndipo nikakupigia wewe.

Asubuhi nikafika na begi tupu la kubebea nguo zake. Uwanjani kelele zilikuwa za kupasua masikio, na Kidoti alikuwa ameketi chini ya ukuta, sweta la mtu limemfunika kichwa chote, anacheka humo ndani. Kando yake binti mdogo mwenye chuma cha kumsaidia kutembea mguuni, waliyempa jina la Msemaji kwa kuwa hanyamazi. Filimbi akanieleza kwamba jana jioni Msemaji alimtazama Kidoti weeee, akasema hata yeye akichoshwa na makelele hujifunika blanketi, akavua sweta lake akamfunika mwenzake. Kilio kikakatika papo hapo.

Dada, ishara ile naijua tangu Kidoti ana miaka mitatu. Maana yake ni kelele zimenizidi, nifunike. Sikuisahau. Nilikwisha kuichora, ukurasa wa ishirini na moja, kisha nikauchana na kuutia kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Hata kitambaa chake cha bluu cha kujifunikia nilikitoa kwenye begi. Nilitaka apungukiwe kitu kimoja ambacho ni mimi tu ninacho. Nilimwacha mwanangu alie siku mbili ili nionekane mama.

Nilimwambia Filimbi pale pale. Hakunigombeza. Alinipa penseli na daftari, nikaichora upya.

Kisha Kidoti akachomoza kichwa, akaniona. Nikapanua mikono. Akaja, akanikumbatia sawasawa, halafu akarudi nyuma, akagonga kiganja chake mara mbili na kunyoosha kidole langoni. Ishara hiyo sikuwahi kuiona. Ilibidi nimuulize yule mtoto wa sweta. Msemaji akanitafsiria, bila hata kunitazama vizuri, kwamba Kidoti anasema bado, nirudi siku ya mwisho.

Nimerudi na begi langu tupu. Zimebaki siku tano. Naomba umpigie Filimbi umtake radhi, umwambie ulidanganywa na mdogo wako. Na wewe nisamehe. Tulipokuwa wadogo, wewe ndiye uliyenyimwa mwanasesere wetu likizo nzima kwa sababu nilimficha kwenye pipa la maharage, kwa hiyo unajua natokea wapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Kidoti naye angekusalimu, na ningekuchorea hapa chini salamu yake, lakini nasikia siku hizi anayo mpya. Akirudi atanifundisha, nami nitakutumia.

Ni mimi, mdogo wako,
Mama Kidoti