Hapiti Mtu Juu ya Mashimo Yetu

Upande wa Chwaka, Unguja
Jumanne, Mfunguo Nne

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakupa na shikamoo ya pili, hasira zikupungue kidogo kabla hujaendelea, maana najua barua hii utaifungua umekunja uso. Vipi mguu wako? Mama kifua chake kimetulia? Na karafuu za huko Wete, zina dalili yoyote ya kuzaa mwaka huu? Mimi ni mzima, nakula, nalala, nafanya kazi. Kizito ni moyo tu, na uzito wenyewe umekuja na barua yako.

Umeniandikia maneno makali, baba. Umesema mume wangu Haji amekuletea mashtaka kwamba nimemwaibisha mbele ya watu, na kwamba ama nimwombe radhi, ama nipande meli ya Ijumaa nirudi kwako. Nimeisoma barua mara tatu. Radhi siombi, na Ijumaa meli itaondoka bila mimi. Lakini umesikia upande mmoja tu, na tangu utoto wangu hukuwa mtu wa kuhukumu kwa upande mmoja. Basi sikiliza na wangu.

Sisi wa mjini Wete hatukulelewa na kazi ya makumbi, kwa hiyo nianze hapo. Wanawake wa hapa huchukua makumbi ya nazi, huchimba shimo pwani kwenye tope, huyafukia na kuyapanga mawe juu. Bahari huja na kuondoka, huja na kuondoka, na baada ya miezi sita makumbi yamelainika. Hapo hufukuliwa, hupondwa kwa gongo, na ule usumba wake, zile nyuzi zake, husokotwa kamba. Harufu yake siku ya kufukua, Mungu anajua! Mara ya kwanza nilitapika, na wifi zangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini kamba hizo ndizo zinazotuvisha sisi na watoto, hasa miaka hii ambayo hata sukari mtu huipangia foleni.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilijifanya mjuzi. Niliona wenzangu wote wamechimba nyuma ya mikoko, kwenye tope zito linalokamata miguu, nikajiambia mimi nitachimba mbele, kwenye mchanga mlaini. Hakuna aliyenikataza. Likaja bamvua, maji yakapanda kwa nguvu, na asubuhi makumbi yangu yote yalikuwa yanaelea kama bata. Mama mkwe wangu, Bi Mize, akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye mizizi ya mikoko. Akaniambia, "Umeona? Mti huu ndo ukuta wetu. Huu ndo unoshika tope. Ukiondoka huu, sote tutakuwa kama weye."

Sasa mwaka huu akaja bwana mmoja kutoka mjini, ana kibali cha kukata kuni za tanuu la chokaa. Nyumba mpya zinajengwa kule mjini Ng'ambo, na chokaa inatakiwa malori kwa malori. Akamwajiri Haji awe nyapara wa vijana kumi na wawili wa hapa hapa. Baba, siku ile Haji alirudi nyumbani anapiga mbinja. Nilifurahi naye. Kazi ya mshahara kijijini ni kitu adimu, na mimi si mwehu wa kumtakia mume wangu akae bure.

Lakini walikata vipi! Walianza upande wa kaskazini, wakailaza mikoko yote, mikubwa na midogo, hata miche iliyokuwa haijafika kiunoni. Hawakuacha hata mstari wa mbele. Bamvua la kwanza lililofuata lilifukua mashimo tisa ya wanawake wa upande ule. Bi Kazija, mjane, alipoteza kazi ya miezi mitano kwa asubuhi moja. Alikuwa anatembea ufukweni anaokota kumbi moja moja, na hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Tulimwendea yule bwana kwa adabu zote. Bi Mize ndiye aliyesema. Akamwambia, "Mwanangu, wanangu wawili wakaa Ng'ambo kwenye vibanda. Nani kakwambia sitaki wapate nyumba? Kata. Lakini kata ya nyuma, ilokomaa. Ya mbele iwache, na midogo iwache, na upande ulokatwa uupumzishe uote. Wazee wetu wamekata boriti hapa umri wao wote na mikoko i papo."

Yule bwana akacheka. Akasema ya mbele iko karibu na njia ya lori, na kwamba wanawake wa kamba hawatamfundisha kazi. Akaongeza kwamba tunapinga maendeleo. Neno hilo lilinichoma, maana siku hizi ni neno la kumtia mtu matatani, na yeye alijua.

Basi baba, hapa ndipo penye kesi yangu. Kuna desturi hapa ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: shimo la makumbi likishafungwa, hapiti mtu juu yake ila mwenyewe. Mawe yakitikisika, makumbi yanaharibika, na aliyetikisa ni sawa na aliyeingia chumbani mwa mtu bila hodi. Nikawaza. Nikamwambia Bi Mize, na Bi Mize akawaambia wenziwe. Kwa siku nne tulichimba. Tulifukia makumbi mguuni mwa mikoko yote iliyobaki, shimo kwa shimo, mawe kwa mawe, hata pa kuweka unyayo hapakuwepo. Waliokosa makumbi waliazimwa. Bi Kazija alipewa mashimo matatu.

Siku ya tano vijana wakaja na mashoka. Wakasimama. Kila mmoja akitazama anaona shimo la mama yake, la shangazi yake, na baya zaidi, la mkwewe. Kijana mmoja akainua mguu, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, "Haya pita, baba. Hilo la mama mkweo." Mguu ukarudi pale pale. Watu wakacheka, na mimi pia nilicheka, sikatai.

Haji akaja mbele. Alikuwa amekasirika, na nakiri alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu sikumwambia kitu siku zote nne. Kosa langu ni hilo tu. Mama yake alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akamwambia, "Haji, hili langu. Lile la mkeo. Chagua la kukanyaga." Haji akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akageuka akaenda zake, na vijana wakamfuata. Lori lilirudi mjini tupu. Kesho yake ndiyo akakuandikia wewe.

Siku kumi na moja sasa hasemi nami. Chakula changu anakula. Inaniuma, baba, tena sana, kwa sababu nampenda mume wangu. Lakini nikimwomba radhi, nitakuwa namwomba radhi kwa kuwa Bi Kazija ana kitu cha kufukua. Hilo sitalisema hata nikilala njaa.

Yule bwana ameapa atarudi na watu wenye kofia, wa serikali. Na arudi. Tumeshapanga zamu: akifukua mmoja, mwengine anafukia siku ile ile, pasiwe na siku hata moja mguu wa mikoko uko wazi. Akikubali kukata ya nyuma, tutamwonyesha wenyewe ipi imekomaa, na tutamsaidia kubeba. Asipokubali, sisi tupo.

Umesema mwanamke hashindani na mumewe hadharani. Kama bado unaona nirudi, usiniite kwa barua. Njoo mwenyewe, uteremke nami pwani maji yakiwa yamekupwa, usimame mbele ya wanawake hawa, uniambie, "Zuwena, twende." Ukiweza kulitamka neno hilo pale, nitakufuata bila kugeuka nyuma.

Nisalimie mama, umwambie asilie. Bibi mpe shikamoo yangu, na umwambie kamba niliyomwahidi ya kitanda chake ipo tayari. Kaka Juma fundi cherahani msalimie sana, na mkewe, na shangazi wa Mkoani akija. Bi Mize anakusalimu, anasema umezaa.

Mimi binti yako mtiifu, isipokuwa katika hili,
Zuwena

Baba, nilikuwa nimeshaimaliza. Sikutaka kukuandikia kwa siri kama alivyokuandikia yeye, kwa hiyo nikampa Haji aisome. Amesoma yote, kurasa zote, amesimama mlangoni. Kisha akanena neno lake la kwanza kwa siku kumi na moja: "Mwambie babaako, nligeuka mwenyewe. Sikugeuzwa."

Basi naandika: aligeuka mwenyewe, hakugeuzwa. Bahasha ameifunga yeye.