Jina Lako Katika Kitabu cha Dawa

Nsimire, dada yangu,

Jana nililifuta jina lako. Nakwambia mwenyewe kabla wengine hawajakufikishia, maana nadhani hata huko uliko habari zinafika zimepinda, kama zinavyofika hapa Bukavu.

Unanijua. Nimegombana na Chama, nimegombana na maaskofu, nimegombana na madaktari. Nimejibu kila makala iliyonikasirisha, na karibu zote zilinikasirisha. Kwa jambo hili niligombana hadi nikakosa wa kugombana naye, na bado nikashindwa.

Uliondoka kabla kitabu chetu cha maelezo hakijaisha. Programu yenyewe ilikuwa tayari, ile ya kufuatilia dawa katika vituo vya afya. Uliitengeneza kwa kompyuta za aina mbili, kwa sababu ofisi yetu ya dawa ina mashine za Dos, zile za kuandikiwa amri, na mapadri wa Nyangezi wana Makintoshi, yenye picha na kipanya. Mwingine angechagua moja na kuwaambia waliobaki wajitafutie. Wewe ulikataa. Ulikataa pia disketi itoke bila kitabu cha maelezo, kwa Kiswahili, kinacholingana na mashine ile ile. Kazi ya kuviunganisha vyote uliita kupika: programu na kitabu katika chungu kimoja, kisha sahani mbili. Na ndani ya chungu uliweka sharti. Amri moja tu ya programu ikikosa ukurasa wake kitabuni, mapishi yanasimama, disketi haitoki.

Mara ya kwanza yaliposimama nilidhani mashine imekufa. Ulicheka hadi ukashika ukuta.

"Haikufa, tonton. Inakungojea uandike." Tonton, yaani mjomba: ndivyo ulivyoniita kwa umri wangu, nami nikakuita dada.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kitabu, eti kwa sababu ninajua kalamu. Nikakuletea sura ya kwanza yenye kurasa tatu juu ya wezi wa dawa katika nchi hii. Ukazipiga mstari zote.

"Tonton, mu hiki kitabu hakuna adui. Andika tu: bonyeza hapa."

Nilinuna hadi chai ikapoa. Leo ningetoa kila nilichowahi kuandika unipigie mstari tena.

Halafu tukahitaji mgonjwa wa mfano. Ulizunguka ofisi nzima ukiomba mtu akuazime jina. Mlinzi alikataa. Mhasibu alisema mama yake hatamsamehe. Kumwandika mtu mwenye afya kwamba anaumwa, walisema, ni kumwitia ugonjwa. Basi ukaandika lako. Kitabu kizima ni wewe: Nsimire anafika na homa, Nsimire anapewa dawa, dawa inapungua katika akiba, na ukurasa wa mwisho Nsimire amepona, anarudi nyumbani.

Homa yenyewe ilipokuja haikufuata kitabu.

Kwenye matanga yako Nyangezi niliwasikia shangazi zako wakisema umejiitia mwenyewe, kwa vidole vyako. Nikasimama. Nikawauliza dawa ilikuwa wapi siku ile ulipoikosa, na nani aliihamisha. Nikawauliza pia, kama kuandika jina kunaua, mbona wote niliowaandika mimi magazetini bado wananenepa. Maman Faida akanivuta shati, nikakaa. Unamkumbuka, yule muuguzi wa Nyantende uliyempa kila sura aisome kwanza. Yeye ndiye aliyekushika mkono hadi mwisho.

Nilirudi mjini nimeapa. Niliwaambia ofisini kwamba jina la Nsimire halitoki kitabuni, na anayetaka kulifuta apite kwangu. Nikaandika sura ya Makintoshi uliyoiacha tupu, nikapika, mapishi hayakusimama. Nikajiona nimeshinda.

Kisha nikafuata desturi yako, maana kwako disketi haitoki bila hiyo. Nikamwita Maman Faida asome kwa sauti na afanye yale tu kitabu kinayosema, sisi tukiwa kimya, mikono nyuma. Alisoma vizuri. Alifungua programu bila kubabaika. Akafika pale: andika jina la mgonjwa, Nsimire.

Vidole vikasimama juu ya herufi.

Nikamwambia ni mfano tu. Nikamwambia ushirikina utatumaliza kabla ya malaria. Nadhani nilisema mengi, yalikuwa kama hotuba. Alinisubiri nimalize.

"Papa Bisimwa, mimi siamini ile maneno ya matanga. Lakini huyu nilimufunga macho. Siwezi kumuandika mugonjwa tena."

Nilikuwa na jibu. Mimi ninalo siku zote. Lakini nilikusikia wewe, kama ulivyowaambia wale waliowacheka wauguzi kwamba hawaelewi kompyuta: musomaji akikwama, makosa iko mu ukurasa, haiko kwa musomaji. Katika sharti hilo hukuwaachia rafiki zako upenyo. Hata wewe mwenyewe hukujiachia.

Basi nikafuta. Na kwa sababu kila kitabu kina picha za mashine yake, ilinibidi nikufute mara mbili. Kwenye Dos jina linaondoka herufi moja moja, kutoka nyuma. Ikabaki N peke yake. Nikaiacha kwa muda, nikaenda dirishani kutazama ziwa, nikarudi. Kwenye Makintoshi unapitisha kipanya juu ya jina zima, linakuwa jeusi, unagusa mara moja, halipo. Sijui ni ipi iliyoniuma zaidi. Ya pili inafanana na ulivyoondoka.

Kitabu kikabaki bila mgonjwa. Wakaanza kutazama chini, mlinzi na mhasibu, wakiogopa nitawaomba. Sikuwaomba. Niliandika Bisimwa, nikapika upya, nikamwita Maman Faida. Aliandika jina langu taratibu, kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nikamwona anatabasamu.

"Sasa Papa, unaumwa nini?"

Kitabu kinasema homa. Akaendelea peke yake hadi ukurasa wa mwisho, na hakukwama popote.

Disketi zimeenda Nyantende, Nyangezi na Luvungi, kila moja na kitabu chake. Nami nakuahidi hivi: siku programu itakapobadilika, kitabu kitabadilika siku hiyo hiyo, kwa mashine zote mbili, na hakuna adui atakayeingia humo. Maadui nitawatafutia ukurasa mwingine.

Nafasi yako ya mgonjwa nimeichukua mimi, dada. Wewe rudi nyumbani.

Tonton wako,
Bisimwa