Maji ya Voi Yana Maneno Mengi

Baba,

Nimeingia maabara. Acha nianze na hilo kabla sijasema kingine, maana tangu jana mkono unaniwasha nikuandikie. Jana Alhamisi, saa nane na kitu mchana, mimi Wakesho wako nimeingia kwa miguu yangu mwenyewe na hakuna aliyenisukuma. Tulia nikueleze.

Kwanza ujue mtihani wa majaribio, mock, unaanza Jumatatu, na praktikali ya Kemia ni Jumanne asubuhi. Form Four wote tumechanganyikiwa. Mutheu, si unamkumbuka, yule rafiki yangu Mkamba mwenye mdomo, ameacha kula mandazi wakati wa mapumziko. Ukiona Mutheu amekataa andazi, ujue mambo ni mazito. Nyumbani nimebandika karatasi za marudio ukuta mzima hadi juu ya jiko, kwa hivyo Mama akisonga ugali anasoma Biolojia bila kupenda. Juzi nilimsikia akimwambia jirani kwamba moyo una vyumba vinne. Jirani akamuuliza kama kuna kimoja cha kukodisha.

Kwa hivyo kusoma nasoma, Baba. Karatasi za kuandika sina wasiwasi nazo sana. Lakini kuna kitu sikukwambia hata siku ile nilipokuja kupalilia kaburi lako. Tangu utuache mwezi wa pili, sijakanyaga maabara. Kila siku ya praktikali kichwa kiliniuma. Mwanzoni kiliniuma kweli, baadaye nikawa nakisingizia. Walimu walinionea huruma, kwa kuwa walijua mzee wa maabara alikuwa babangu, wakaniacha nikae barazani na kitabu. Na nilikuwa nimeshapanga. Jumanne ningeamka mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nilikuwa nimeshauchagua. Nikikosa ya mock, ya mwisho nayo ningeikosa, hilo nilikuwa nalijua vizuri. Hapo Kemia ingekuwa imekwenda, na mambo ya kusomea dawa ningeyasahau. Nilijua yote hayo, na bado miguu ilikataa.

Sasa sikiza. Jana nilikuwa pale pale barazani chini ya dirisha, kitabu mkononi. Ndani alikuwa Mwalimu Wairimu, ambaye hukuwahi kumwona. Amekuja muhula huu kutoka Murang'a, na kwa kuwa hakuna aliyechukua kazi yako bado, anafundisha na kutayarisha vyombo yeye mwenyewe. Alikuwa akiwafanyisha zoezi la kutambua chumvi: unaiyeyusha kwa maji, unatia matone ya dawa, unangoja. Ikigeuka nyeupe ni chumvi ya aina fulani, ikibaki safi ni nyingine. Mara nikasikia kelele. Ya kila mtu imegeuka nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Mwalimu akabadilisha chumvi, nyeupe. Akabadilisha tena, nyeupe vile vile. Wengine wakaanza kusema kama ni hivi Jumanne, sisi tumeisha, na msichana mmoja akaanza kulia kabisa.

Mutheu akatoa kichwa dirishani.

"Wakesho, hata maji matupu yamegeuka. Maji matupu, aki. Tumelogwa?"

Nikamuuliza maji wameyatoa wapi. Akasema lile dumu la maji safi la kwenye kabati limeisha juzi, kwa hivyo mwalimu amelijaza bombani.

Baba, nilicheka. Nilicheka mpaka kitabu kikaanguka. Miezi yote hii sijacheka hivyo. Maana nilikusikia vile ulivyokuwa ukiwaambia Form One kila mwaka, umekunja mikono, "Maji ya Voi yana maneno mengi. Ukiyauliza moja, yanajibu matano." Maji haya haya yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, ambayo sabuni inapigana nayo mpaka inachoka na povu halionekani. Kule kwetu Mghange milimani unagusa sabuni kidogo tu, povu linakufuata hadi jioni. Na Murang'a nadhani ni hivyo hivyo. Mwalimu wa watu angejuaje?

Sikumbuki kupita mlangoni, haki ya Mungu. Nilijikuta tu niko kando ya meza ya mbele nikisema, "Mwalimu, samahani, ni maji." Nikafikiri atanifokea, maana nimemsahihisha mbele ya watu na hata siku moja hajaniona humo ndani. Badala yake akaniambia nieleze. Nikaeleza kwamba maji ya bomba huku yana vitu vyake tayari, na dawa inajibu vile vitu, haijibu chumvi. Nikamwambia dumu likiisha wewe ulikuwa unatuma mtu kituo cha mafuta pale barabara kuu akanunue maji ya betri, yale safi, sio asidi. Akamtuma askari wa lango. Tukasuuza vyombo vyote tukaanza upya. Iliyopaswa kugeuka ikageuka, iliyopaswa kubaki safi ikabaki safi, na watu wakapiga makofi. Hebu fikiria, Form Four wanapigia maji makofi.

Mwalimu akasema, "Kwa hivyo wewe ndiye binti wa yule mzee. Basi shika bureti."

Zoezi lililofuata lilikuwa lile la kudondosha dawa kutoka mrija mrefu wa bureti mpaka tone moja tu ligeuze chupa iwe waridi hafifu. Hapo ndipo nilipokumbuka kuogopa. Mkono ulitetemeka, Baba, kidole kwenye kile kifungulio kikawa kama si changu, na badala ya tone moja ukamwagika mkupuo mzima. Chupa yote ikawa waridi iliyokoza, kama juisi ya harusi. Nikaona aibu ya kufa. Lakini nikakumbuka Jumamosi zako na wale wenye mikono ya wasiwasi, ulivyokuwa ukiwajazia bureti maji tu na kuwapa kifuniko cha soda wakijaze tone kwa tone. Ulikuwa huwaambii wasiogope. Ulikuwa unawaambia, "Dondosha mpaka uchoke," halafu unaenda zako kunywa chai. Nikaomba dakika kumi na kifuniko cha soda. Nilijaza nikimwaga, nikajaza nikimwaga, mpaka nikaanza kuwaza chakula. Mkono ukatulia.

Mara ya pili nikapata. Ya tatu nikapata karibu sawa na ya pili. Ile ya kwanza sasa ndiyo ilikuwa imekaa vibaya kwenye jedwali, na wa meza ya pili akaninong'oneza hesabu walizopata wengine, akaniambia nipike tu yangu ifanane nazo, nani atajua. Nilishika kalamu nikaiangalia. Nikaandika nilichokiona. Mwalimu amenikata alama mbili na nimezipoteza kihalali, kwa hivyo sizililii.

Wengine walipotoka nilibaki kuosha. Nikageuka kutafuta kitambaa, na hapo nyuma ya mlango nikaliona koti lako jeupe. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitoa. Nilikuwa nimelipita nikiingia, nikicheka, wala sikuliona. Nikalisogelea nikaweka uso. Halina harufu yako tena, Baba. Lina harufu ya vumbi tu.

Miezi hii yote nilidhani ninaogopa kuingia mle nikukute. Kumbe niliogopa kuingia nisikukute. Barazani niliweza kujidanganya kwamba uko ndani unapanga chupa, na mradi siingii, bado upo. Sasa nimeingia. Hukuwepo. Nimelia kidogo pale kwenye sinki, bomba likiwa wazi ili Mutheu asisikie, ingawa nadhani alisikia maana alikaa mlangoni akiimba kwa sauti mbaya sana. Halafu nikamaliza kuosha tyubu zote, nikazifunika, nikafunga kabati, nikampelekea Mwalimu ufunguo. Kazi imekwisha, na dunia haikuanguka.

Na unajua leo nina nini? Nina hamu. Sijui nikwambieje bila kuonekana mwendawazimu, lakini nina hamu na Jumanne. Kesho mimi na Mutheu tunaketi nyumbani turudie chumvi zote kuanzia mwanzo, Mama amesema atatuuliza yeye kutoka ukutani. Woga bado ninao. Nitaingia nao maabara, saa mbili kamili, kundi la kwanza. Hiyo nakuahidi, na ya mwisho wa mwaka pia, na zile nyingine zote zitakazokuja baada ya hizo.

Ila nina ombi moja. Ulikuwa na tabia ya kusimama nyuma yangu nikikaribia tone la mwisho, na kuzuia pumzi, ukidhani sikusikii. Jumanne usije, Baba. Lala salama. Nikilipata lile tone, nataka nijue ni mkono wangu.

Binti yako,
Wakesho