Dakika Tano za Injini Baridi

Jumatatu, 3 Machi

Kigari cha Mama kimerudi! Mjomba amekileta mwenyewe, kimeoshwa mpaka magurudumu. Injini aliifungua yote akaifunga upya – siku kumi na mbili za kazi. Mama amekizunguka mara mbili kama anayekagua shuka zilizotoka kufuliwa. "Kaka, kweli ni kile kile?" Mjomba akacheka tu.

Kisha akatoa masharti. Kila alfajiri injini iwashwe, iachwe ingurume polepole dakika tano. Hakuna kukanyaga mafuta ikiwa baridi. Ni injini changa, kasema, vyuma bado havijazoeana. Mama akasema saa hizo yeye anafunga mafurushi ya shuka za hospitali, dakika tano azitoe wapi? Shuka zifike kabla ya saa moja, madaktari wa upasuaji hawamngoji dobi. Halafu wote wawili wakanitazama.

Basi nimepewa ufunguo. Nina wiki tatu tangu nimalize shule, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Kuwasha gari na kukaa. Hata mimi naiweza!

Lakini kwa nini tano? Kwa nini si mbili? Nilitaka kumuuliza Mjomba. Swali likafika kooni, likarudi.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na moja na nusu. Usukani baridi kama chuma cha dirisha. Nikawasha. Dakika ya kwanza raha tupu – nilisikiliza ngurumo inavyoanza juu, ikashuka kidogo kidogo. Nani anaiambia ishuke?

Dakika ya pili, kioo kikagongwa. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, yule tunayemwita Bwana Kimya kwa kuchukia kelele. Pajama, na koti juu yake. Binti, hii ni gari au mashine ya kusaga? Moshi wote unaingia chumbani kwake, na watu wengine wana vifua! Nikasema samahani, Mwalimu. Nikazima. Akabaki amesimama pale mpaka nikashuka.

Mama akatokea na furushi la mwisho.

"Tayari?"

"Tayari."

Akashika usukani, akaupanda mlima kwa kishindo, kama kawaida yake. Mbwa wa kona akabweka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata njia. Nangoja Mama afunge kufuli la chumba cha kufulia – lina mlio wake – ndipo nawasha. Sekunde ishirini hivi. Bwana Kimya hawezi kuvaa koti kwa sekunde ishirini. Mama anakuta injini inanguruma, anauliza, najibu.

Kumwambia Mama? Angemfuata Bwana Kimya mlangoni kwake, na Mama hana sauti ndogo. Mtaa mzima ungejua. Ningekufa kwa aibu.

Mbona gari linakwenda vizuri tu.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna mlio. Mama alipokuwa akipanda mlima niliusikia: ko-ko-ko, kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Nimemwambia wakati wa chakula. Kasema ni injini changa, inazoea, Kaka mwenyewe si alisema?

Lakini mbona alfajiri tu? Mchana akiupanda tena hausikiki kabisa. Injini ni ile ile, mlima ni ule ule. Kimebadilika nini?

Ijumaa, 21 Machi

Injini imenoki, imekufa kabisa. Katikati ya mlima, na shuka zote ndani. Mama alizipeleka kwa teksi, akachelewa, msimamizi wa wodi akamsema mbele ya watu. Gari limevutwa kwa kamba mpaka gereji kwa Mjomba. Nilikaa kando ya Mama, kwa hiyo nilisikia yote.

"Wiki tatu, Kaka! Hata hazijatimia! Kama macho yamechoka si ungesema?"

"Mlikuwa mnaipasha moto?"

"Huyu hapa mwanangu. Kila siku ya Mungu! Muulize!"

Mjomba hakuniuliza. Alinitazama tu. "Huyu hana haja ya kuulizwa," akasema.

Sijala kitu tangu saa hizo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda gereji. Kisingizio: chai ya Mjomba. Injini ilikuwa imetandazwa juu ya meza, kila kipande mahali pake. Akanipa kimoja. Beringi – nilidhani ni duara yenye golori, kumbe hii ni kipande chembamba, kimepinda kama ganda la yai. Ndani ingetakiwa ing'ae. Ilikuwa imekwaruzwa kama kwa kucha.

Nikamuuliza! Maswali matatu mfululizo, mimi!

Kaeleza hivi. Gari likilala, oili yote inashuka chini ya injini. Ukiwasha, pampu inaanza kuipandisha juu. Ikiwa baridi ni nzito, inapanda kivivu. Wewe ukikanyaga mafuta wakati huo, chuma kinasaga chuma. Na ule mshale wa joto usiuamini sana – unapima maji, si oili. Maji huwahi kupata moto.

Kisha akaigeuza beringi kwenye mwanga. Hizi ni alama za injini iliyokimbizwa ikiwa baridi, akasema. Lakini nyinyi mliipasha. Basi ni mimi, fundi. Labda kuna njia ya oili niliyoacha na uchafu. Labda nilikaza vibaya.

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Chai itapoa, Mjomba."

Jumapili, 23 Machi

Nilitoka gereji jana na oili kidogo kwenye chupa. Nikaigawa vikopo viwili. Kimoja kililala juu ya ukuta wa uani usiku kucha. Kingine leo asubuhi nimekitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Nikaegemeza sinia, nikachora alama juu na chini, nikachukua simu ya Mama kupima oili inateremka kwa sekunde ngapi.

Ya moto: sekunde tatu. Ya baridi: kumi na moja!

Nikarudia mara nne. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kumi na moja. Kwa hiyo ni kweli, inaonekana kwa macho!

Bwana Kimya akachungulia juu ya ukuta. Unapika nini, binti? Nikamweleza. Nilimweleza mpaka mwisho, bila kumeza maneno. Akauliza: na ya vuguvugu je? Sikuwa nimeifikiria! Tukapima, yeye akishika simu. Sita. "Ajabu!" akasema, na uso ulikuwa wa mtoto.

Kumbe ni mtu wa kuelezwa akaelewa. Siku ile ningemweleza, tungesogeza gari hatua kumi tu.

Nilifurahi kabisa. Kisha nikahesabu. Kuanzia tarehe 4 hadi 21, ukitoa Jumapili. Asubuhi kumi na sita.

Jumatatu, 24 Machi

Mjomba ameshusha kibao. Kile kilichoandikwa INJINI kwa rangi nyekundu, cha tangu sijazaliwa. Sasa ni breki na matairi tu. Mtu alileta lori linalotoa moshi, Mjomba akamwelekeza kwa fundi mwingine! Mama aliposikia kasema afadhali, kabla hajaua gari la watu. Lakini aliacha pasi juu ya shuka mpaka ikaungua, naye hajawahi kuunguza shuka.

Hawajaongea tangu Ijumaa. Na duniani hawana ndugu mwingine, ni wao wawili tu.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nikiwa gereji, nimekalia tairi. Nataka kuandika sasa hivi.

Nilimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana. Ni rahisi kuongea na viatu.

"Mjomba, ni mimi."

"Nimekusikia. Ingia."

"Hapana. Injini. Ni mimi."

Nikasema yote. Jirani, koti, kufuli, lile neno nililomjibu Mama. Spana ikawekwa sakafuni.

"Dakika ngapi?"

"Sekunde ishirini."

"Kila siku?"

"Asubuhi kumi na sita." Kisha nikaongeza, sijui kwa nini, kwamba oili baridi inachukua sekunde kumi na moja kwenye sinia, na ya moto tatu.

Akateleza akatoka. Grisi mpaka kwenye nyusi. Sikuweza kujua kama ana hasira.

"Sinia uliinamisha kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa mkono. Akakaa sakafuni, akacheka, akafuta macho kwa kiwiko, na mwishoni nadhani hakuwa anacheka tena. "Usiku silali, mpwa wangu," akasema. "Najiuliza ni boliti gani."

Nikamwomba amwambie Mama yeye. Nikapiga magoti. Amekataa. Atasimama kando yangu, kasema, ila mdomo utakuwa wangu. Akampigia simu: njoo, tumejua kilichoiua. Basi. Akakata.

Teksi imesimama nje. Mama hajashuka na sauti yake imeshaingia: haya, Kaka, umeliona kosa lako sasa?

Mjomba amenigeukia. Anafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, ananingoja.

Mama yuko mlangoni. Anauliza mimi nafanya nini hapa, na mbona nimesawijika hivi. Nimesimama, naandika nimesimama. Anasema weka hilo daftari chini, mwanangu, kuna nini –